Hiyo Orodha ya Hisa za Kanada Haikuandikwa kwa Msee wa Mwingi

Nitaisema mapema ndio mwenye kukasirika akasirike mapema. Zile orodha za hisa za Kanada "zitakazokulipa mpaka uzeeke" zinazozunguka kwa simu zetu hazikuandikwa kwa mtu wa Mwingi, Wote, Kibwezi ama Mutomo. Sisemi ni mbaya. Ni nzuri kabisa, lakini ni za mtu mwingine. Na yule anayekuuzia darasa la shilingi elfu tatu na mia tano ili akusomee orodha hiyo anakupa dawa ya mgonjwa wa kitanda cha jirani.

Najua mtaniuliza, wewe ni nani? Mimi ni msee wa miaka ishirini na kitu, niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya fedha wala ya kitu kingine. Lakini kusoma bado najua, na kutoa na kujumlisha nilifunzwa darasa la tatu. Hiyo inatosha kwa kazi ya leo.

Kwanza tuelewe orodha yenyewe ilitoka wapi.

Kanada wana akaunti inaitwa TFSA. Ilianza 2009. Mkazi wa Kanada anaweka pesa humo, ananunua hisa, na faida yote, gawio likiwemo, haikatwi kodi na serikali yake. Kuna kiwango cha kila mwaka. Mwaka wa 2025 kilikuwa dola 7,000 za Kanada. Wana na nyingine ya zamani zaidi, RRSP, iliyoanza 1957. Hiyo ni ya kustaafu: unaweka leo bila kutozwa kodi kwa pesa unayoweka, unatozwa siku ya kuitoa ukiwa mzee.

Sasa sikiza vizuri, hapa ndipo siri iko. Mkanada akinunua hisa ya Marekani ndani ya TFSA, Marekani inamkata asilimia 15 ya gawio kabla halijafika kwake. Akiweka hisa hiyohiyo kwa RRSP, hakatwi, kwa sababu mkataba kati ya nchi hizo mbili unatambua akaunti za kustaafu. Ndiyo maana washauri wao humwambia: hisa za gawio za Marekani weka RRSP, hisa za gawio za Kanada weka TFSA. Umeona? Orodha ile ilizaliwa na sheria ya kodi. Ni jibu la swali la mtu anayeishi Toronto ama Calgary.

Wewe huna TFSA na huwezi kuifungua. Lazima uwe mkazi wa kule. Kwa hivyo anayekwambia "nunua hizi tano, weka kwa TFSA, sahau" amenakili mtihani wa shule nyingine mpaka na jina la mwanafunzi.

Haya, tuseme unapita njia nyingine. Unapata programu ya simu inayokubali kukuuzia hisa za nje. Kanada ina kodi ya zuio ya asilimia 25 kwa gawio linaloenda kwa asiye mkazi, ila kama kuna mkataba unaoipunguza. Marekani ni asilimia 30 kwa Mkenya, kwa sababu hatuna mkataba wa kodi nao. Yaani gawio la dola mia moja kutoka kampuni ya Marekani linaanza safari likiwa sabini, na bado hujalipia kubadilisha pesa wala kuituma.

Na hiyo pesa inabadilishwa kwa bei gani? Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ikawa karibu 129. Msee aliyekimbilia dola Januari akiogopa shilingi itakufa alipoteza karibu moja ya tano ya pesa yake kwa shilingi, hata kama kampuni aliyonunua haikufanya kosa lolote. Sisemi usiwahi kushika mali ya nje. Nasema mtu wa kipato kidogo, anayenunua unga kwa shilingi na kulipa kodi ya nyumba kwa shilingi, asiambiwe kwamba hatua ya kwanza ya uwekezaji ni kucheza kamari ya sarafu.

"Lakini kampuni za Kanada hazikosi kulipa!" Kweli, kuna zenye historia ya kutisha. Bank of Montreal imelipa gawio tangu 1829, kabla hata reli haijafika Kibwezi. Lakini kuna BCE, kampuni ya simu ambayo kwa miaka ilikuwa kwa kila orodha ya wastaafu. Mei 2025 ilikata gawio lake kutoka dola 3.99 kwa hisa kwa mwaka mpaka 1.75. Chini ya nusu. Wazee waliopanga uzeeni wao juu ya hiyo hisa moja walipigwa kofi wakiwa kwao, kwa sarafu yao, na TFSA yao. Kwa hivyo usiniambie "hakikisho". Gawio si mshahara. Gawio ni uamuzi wa bodi, na bodi inaweza kubadilisha mawazo.

Sasa turudi nyumbani, kwa sababu kuna wanaofurahia hapa wakidhani nitasema hisa ni utapeli, nunua shamba. Ngoja, zamu yenu inakuja.

Hapa Kenya mkazi akilipwa gawio na kampuni ya soko la hisa anakatwa asilimia 5, basi. Hiyo ndiyo kodi ya mwisho. Ukiuza hisa iliyoorodheshwa NSE kwa faida, hakuna kodi ya faida ya mtaji. Linganisha na riba ya fedha za soko la fedha tunazopenda kuweka kwa simu, ambayo inakatwa asilimia 15. Na tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja NSE; ile sharti ya kuanza na hisa mia iliondolewa. Unafungua akaunti ya CDS kupitia dalali aliyesajiliwa, wengi siku hizi wako kwa simu, unaingia sokoni na pesa ya kreti ya soda.

Kwa hivyo mtu wa Kitui, bila TFSA, anakatwa 5 nyumbani na 25 ama 30 ugenini. Ni guru yupi wa kodi aliyekushauri uende kutafuta 30?

Lakini hata hapa nyumbani hesabu iwe ya ukweli. Chukua Safaricom. Kwa miaka ya fedha ya 2023, 2024 na 2025 ilitangaza gawio la shilingi 1.20 kwa hisa. Tuseme una hisa 1,000. Unapata 1,200, kodi inachukua 60, unabaki na 1,140. Kwa mwaka. Gawanya kwa miezi 12: shilingi 95. Hiyo ndiyo "pesa inayokuja ukilala" yote. Chapati mbili na sahani ya ndengu. Na kama bei ya hisa ni shilingi 25, umefunga elfu ishirini na tano kupata hiyo sahani kila mwezi. Ukitaka gawio likupe elfu kumi safi kila mwezi kwa hesabu hiyohiyo, unahitaji hisa zaidi ya laki moja, yaani karibu shilingi milioni 2.6. Mwenye kukuuzia darasa hakukuonyesha mstari huo, sivyo? Hawezi. Akiuonyesha, darasa limekwisha.

Wakati huohuo, kuna wazee walionunua Safaricom kwa shilingi 5 mwaka 2008. Bei ilianguka chini ya hiyo, wengi wakauza kwa hasira. Waliotulia, gawio la 1.20 la miaka hiyo ya 2023 mpaka 2025 lilikuwa asilimia 24 ya pesa waliyoweka, kila mwaka, na hisa bado ni zao. Waliotajirika hapo hawakuwa wajanja kuliko wale wengine. Walikuwa na muda tu, na hawakuihitaji ile pesa kesho yake. Hayo mawili, muda na kutoihitaji kesho, hakuna orodha inayokupa.

Na usichague hisa kwa kuangalia nani amelipa gawio kubwa jana. KCB ni benki kubwa kabisa, lakini mwaka wa fedha wa 2023 haikulipa gawio. 2024 ikarudi na shilingi 3. Kenya Power ilikaa miaka bila kulipa hata ndururu, kisha mwaka wa fedha wa 2024 ikalipa senti 70. Mumias iliingia sokoni 2001, ikawa kipenzi cha watu, na 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Maswali ya kuuliza ni ya kawaida, hata mama mboga anayajua: Hii kampuni inauza nini, na watu watakinunua miaka ishirini ijayo? Inalipa gawio kutoka faida ama kutoka mkopo? Kwa kila shilingi ya faida, inagawa ngapi na inabakisha ngapi? Kampuni inayogawa yote ni kama mkulima anayekula mpaka mbegu.

Sacco pia, tusidanganyane. Ukisikia "tumelipa asilimia 18", uliza: ya nini? Mara nyingi hiyo ni ya mtaji wa hisa, kile kiasi kidogo ambacho huwezi kukitoa, unaweza tu kumuuzia mwanachama mwingine. Akiba yako kubwa ina kiwango chake, na kwa kawaida ni cha chini. Vyote viwili vinaweza kuwa vizuri. Lakini usipige hesabu ya kitu kimoja na pesa ya kingine.

Sasa nyinyi wa shamba na watoto.

Wazazi wetu wengi Ukambani hawana pensheni. Hawakuajiriwa na mtu wa kuwakata NSSF. Walilima, wakachoma makaa, wakabeba mchanga, wakauza maembe. Mpango wao wa kustaafu una majina mawili ya ubatizo na namba ya simu. Ni sisi. Mimi ndiye hisa ya gawio ya mwaitu. Kila mwisho wa mwezi nalipa, hakuna bodi ya kukaa kuamua, na nikikosa, soko linaniangusha mpaka kwa mazishi ya watu nisiowajua. Nalipa kwa roho safi. Lakini nimekataa kabisa kumzaa mtoto nikishamhesabia faida. Nyumba ambapo kila kizazi kinalipia uzee wa kilichotangulia ni nyumba ambapo hakuna anayewahi kuanza. Msee wa miaka 23 anapata kazi ya kwanza Nairobi, na kabla hajanunua godoro ana wastaafu watatu.

Na shamba? Shamba ni zuri ukiwa na maji. Waulize watu wa Kyuso na Mutomo shamba lililipa gawio gani mvua ilipokataa misimu mitatu. Shamba nalo linakata gawio, tena halitoi taarifa kwa wanahisa.

Kwa hivyo akaunti yetu ni gani? Iko, ila haina mapambo ya kuweka kwa klipu. Ni mpango binafsi wa pensheni, uliosajiliwa na mamlaka ya mafao ya kustaafu, RBA. Huhitaji mwajiri. Unaweka kadiri unavyopata, na hiyo ni muhimu kwetu, kwa sababu pesa yetu ina msimu: maembe Desemba mpaka Februari, ndengu mvua fupi ikiisha, boda kila siku lakini si sawa kila siku. Na si lazima iwe kubwa. Mbao ilianzishwa 2011 kwa watu wa jua kali kwa shilingi 20 kwa siku. Haba Haba ya NSSF ni shilingi 25 kwa siku.

Faida za kodi ni tatu, na moja yao haikuhusu, kwa hivyo nitaisema wazi. Ya kwanza: michango mpaka shilingi 30,000 kwa mwezi inatolewa kwa mapato kabla ya kodi, ilikuwa 20,000 mpaka sheria ilipobadilishwa Desemba 2024. Tamu, lakini kama unapata chini ya 24,000 kwa mwezi hulipi kodi ya mapato, kwa hivyo hakuna cha kukuokoa hapo. Ya pili: faida inayopatikana ndani ya mfuko uliosajiliwa haitozwi kodi, gawio la hisa likiwemo. Ile asilimia 5 ya nje, ndani haipo. Ya tatu ndiyo kubwa, na hakuna guru aliyekwambia: mabadiliko hayohayo ya Desemba 2024 yaliondoa kodi kwa mafao unayolipwa ukifika umri wa kustaafu wa mpango wako, na pia kwa anayetoa baada ya miaka 20 ya uanachama.

Miaka ishirini. Saa ya hiyo miaka inaanza siku unayojiandikisha, haingoji utajirike. Ukijiandikisha na 22, inatimia ukiwa 42. Ukingoja mpaka 35 "mambo yakae sawa", inatimia ukiwa 55. Hata kama utaanza na mbao, washa saa.

Tupige hesabu moja. Shilingi 50 kwa siku ni 1,500 kwa mwezi, 18,000 kwa mwaka. Tuseme mfuko unaleta asilimia 9 kwa mwaka. Ni mfano, hakuna anayekuahidi. Ukianza na 22 mpaka 60, unafika karibu milioni 5.1. Ukianza na 32, unafika karibu milioni 2. Miaka kumi ya mwanzo, ambayo mchango wake ni laki moja na elfu themanini tu, ndiyo inabeba milioni tatu. Na ukweli wa upande wa pili: bei zikipanda asilimia 5 kila mwaka, hiyo milioni 5.1 itanunua vitu vya chini ya laki nane za leo. Kwa hivyo shilingi 50 si uzee wa raha. Ni mwanzo, na kila ukipanda kipato lazima nayo ipande. Mtu asikudanganye kwa namba kubwa za mwaka 2063.

Sasa malalamiko yangu yenyewe, na haya ni kwa Bunge.

Kwa mpango wa pensheni huchagui hisa wewe. Meneja wa mfuko anachagua, ndani ya mipaka ya RBA: hisa za soko mpaka asilimia 70, mali za nje mpaka 15. Sawa kwa wengi. Lakini kijana anayetaka kusoma taarifa za kampuni, achague mwenyewe, akosee na elfu mbili badala ya milioni mbili, hana akaunti ya kumlinda. Mkanada wa miaka 18 anaweza kuwa nayo katika mikoa mingi. Sisi tuna nini kilichotengenezwa kirahisi hivyo? Kubeti. Ukiwa na simu na kitambulisho, dakika tatu uko ndani. Serikali inajua kukata kodi hapo: Sheria ya Fedha ya 2025 iliweka asilimia 5 kwa pesa unayoingiza kwenye pochi ya kubeti. Kwa hivyo mfumo wa kufuata shilingi hamsini ya kijana wa Emali mpaka kwa simu yake upo. Unatumika tu upande mmoja.

Nataka akaunti yetu. Shilingi elfu kumi kwa mwezi kiwango cha juu, ifunguliwe kwa simu, ndani yake hisa za NSE na hati fungani za serikali, gawio na riba visikatwe. "Serikali itapoteza mapato." Kiasi gani? Ile shilingi 60 ya gawio langu? Riba ya hati fungani za miundombinu tayari haikatwi kodi, na wenye kuzinunua kwa mamilioni hawajawahi kuambiwa wanaifilisi nchi. Msamaha wa kodi upo kwa mwenye milioni. Tunaomba ushuke ngazi uje kwa mwenye elfu.

Juni 2024 tulijua kusema hapana, na Mswada wa Fedha ukaondolewa. Kusema hapana tunajua. Kila mwaka mswada mwingine unakuja na maoni ya umma yanakaribishwa kwa maandishi. Mwaka ujao tusiende na hapana peke yake. Twende na kifungu kimekwisha kuandikwa.

Kabla ya hapo, kazi ya wiki hii. Moja, jiandikishe kwa mpango uliosajiliwa na RBA. Angalia jina lao kwa orodha ya RBA yenyewe, usiamini bango. Mbili, ukitaka hisa, nunua kwa dalali aliyesajiliwa, kwa pesa usiyoihitaji kwa miaka mitano, na usome taarifa ya mwaka kabla hujasoma komenti. Tatu, muulize susu ama babu kama kuna cheti cha hisa kwa sanduku. Magawio yasiyodaiwa ya watu waliohama namba ama kufariki yanapelekwa UFAA, na familia inaweza kuyadai bila kulipa dalali yeyote wa mtaani. Huenda kuna pesa ya familia yenu imekaa Nairobi huku mkichangisha karo kwa WhatsApp.

Na wale mko Kanada, binamu zetu wa Calgary na Toronto mnaonisoma: TFSA ni yenu, fungueni leo, hiyo orodha ni yenu kabisa. Ila mkituma klipu kwa grupu ya familia, andikeni chini yake: hii ni ya huku.